Jaipur kwa siku moja, na goti jipya la mama

"Shikamoo. Niko Delhi na mama yangu, tumetoka Tanga. Wiki nne zilizopita alibadilishwa goti la kulia, na sasa anatembea kwa mkongojo mmoja. Ndege yetu ya kurudi nyumbani ni tarehe 18 Januari, kwa hiyo tuna kama wiki moja ya kukaa tu. Tangu msichana mama amekuwa akisikia habari za Jaipur kwa majirani zetu wa Kihindi, na anasema hawezi kufika India akarudi na picha za wodini. Dereva anayetupeleka kliniki yuko tayari kutupeleka na kuturudisha siku hiyo hiyo: ngome tatu, jumba la mfalme, mahekalu na kupanda tembo, kwa bei ndogo mno. Ndugu mmoja anasema siku moja inatosha. Mwingine anasema sisi Waislamu hatutaruhusiwa mahekaluni. Halafu kuna kijana tuliyefahamiana naye hotelini, mpole sana, familia yake wana duka la vito Jaipur. Anaomba tuwabebee kifurushi cha tanzanite hadi Dar, watatulipa dola 800, na sisi hatutoi kitu ila namba ya kadi ya benki iwe dhamana. Nifanye nini? Na je, viza zetu za matibabu zinaturuhusu kutoka Delhi?"

Marahaba mwanangu, na mpe mama pole ya goti. Mpango wa kumpeleka Jaipur naupenda. Mpango wa dereva wako siupendi, na nitakueleza kwa nini. Lakini nianze na hilo la kijana, ulilolichomeka mwishoni kama jambo dogo.

Usibebe kifurushi hicho. Usimpe namba ya kadi, usimpe nakala ya pasipoti, usiende kunywa chai dukani kwa mjomba wake "kusikiliza tu". Huu ni utapeli wa miaka mingi katika miji ya watalii ya Rajasthan, jimbo la Jaipur, na Agra, na nguvu yake ni kwamba umefungwa ndani ya ukweli. Ni kweli Jaipur ni moja ya vituo vikubwa duniani vya kukata na kung'arisha vito vya rangi. Zumaridi kutoka Zambia na Colombia hukatwa pale, na tanzanite yetu ya Mirerani pia, kwa wingi. Ukipita mtaa wa Johari Bazaar na vichochoro vyake utawaona madalali wamesimama barabarani, wamefunua vikaratasi vilivyokunjwa, mawe ndani yake. Basi kijana akikwambia familia yake wako kwenye vito, hujui la kukanusha.

Mchezo wenyewe huenda hivi. Kwanza urafiki, siku mbili tatu bila kuombwa chochote. Kisha habari kwamba ushuru wa kusafirisha vito ni mkubwa, lakini mgeni anaruhusiwa kubeba kiasi chake bila kulipa. Kisha kadi, "dhamana tu, hatutaigusa". Baadaye inaingia simu: mzigo umepata matatizo forodhani, lipeni kwanza ili mambo yaishe. Mnapofika mwisho wa safari hakuna mtu wa kuupokea mzigo, na mawe yenyewe ni vioo vya rangi. Hiyo ndiyo hali nafuu. Ikiwa mawe ni ya kweli, wewe ndiye umebeba mali ya biashara ya mtu mwingine bila kuitamka forodhani. Na ikiwa ndani ya kifurushi mna kitu kingine kabisa, mtaka maelezo atakuwa askari wa uwanja wa ndege, na kijana mpole hatakuwapo.

Tena jiulize, wewe uliyezaliwa Tanzania. Tanzanite haijapatikana kwingine kokote duniani ila Mirerani. Jiwe limetoka kwetu, likasafiri hadi Jaipur kukatwa ili liuzwe Marekani na kwingineko. Nani atakulipa dola 800 ulirudishe Dar?

Kama mama anataka jiwe dogo la pete kwa kumbukumbu, hilo ni jambo jingine na halina ubaya. Nunueni duka lenye anwani, lipeni kwa risiti iliyoandika jina la jiwe na uzito wake kwa karati, na jiwe likiwa la fedha nyingi, sharti liwe kwamba linapelekwa kwanza maabara ya kupima vito. Jaipur zipo, na muuzaji mwaminifu hakasiriki ukilitaja neno hilo. Msishtuke mkiambiwa tanzanite imechomwa moto; karibu zote hutoka ardhini zikiwa na rangi ya kahawia na hupata ule ubuluu kwa joto. Ila nunueni kwa sababu mama amelipenda. Anayenunua jiwe moja dukani ili akaliuze nyumbani kwa faida hushindana na watu waliozaliwa ndani ya biashara hiyo.

Kuhusu viza: viza ya matibabu na ile ya msindikizaji hazikufungi Delhi. Jaipur haiko kwenye maeneo yanayohitaji kibali maalumu. Lakini kila hoteli India inawajibika kuwaandikisha wageni wa nje kwa mamlaka ndani ya saa 24, kwa hiyo bebeni pasipoti zenyewe na viza, nakala hazitoshi. Hoteli nyingine za bei ya chini hukataa wageni wa nje papo hapo, usiku, mlangoni, kwa sababu hawajajipanga kwa uandikishaji huo. Ulizeni kabla ya kulipa. Bebeni pia barua ya hospitali inayotaja upasuaji. Chuma kilichomo gotini kitapiga kelele kwenye milango ya ukaguzi. Kama kwenye karatasi ya viza kuna sharti msilolielewa, nendeni dawati la wagonjwa wa kimataifa hospitalini kwenu. Wanaulizwa maswali hayo kila siku.

Sasa hesabu ya siku moja. Ndugu anayesema siku moja inatosha anasema kweli kuhusu mji wa kale, kwani ni mdogo. Kosa lake ni kwamba anapima mji, hapimi njia. Kutoka Delhi hadi Jaipur ni kama kilomita 270, na kwa gari ni saa nne hadi tano kama hakuna tatizo, kwenda peke yake. Januari kuna tatizo: ukungu. Tambarare yote ya kaskazini mwa India hufunikwa na ukungu mzito usiku na alfajiri, kwa sababu ardhi hupoa haraka, hewa haina upepo, na moshi wa Delhi huupa unyevu mahali pa kushikilia. Barabara kuu siku kama hizo hushuhudia magari yakigongana kwa msururu. Dereva anayetaka kwenda na kurudi siku moja lazima aondoke saa kumi au kumi na moja alfajiri, yaani katikati ya ukungu, na arudi usiku akiwa amechoka, ukungu ukianza upya. Hata mngekuwa wawili wenye magoti mazima ningewakataza.

Na goti la mama si zima. Mimi kazi yangu ni kupanga safari, si tiba, lakini jambo moja nimelisikia kwa madaktari wa mifupa mara nyingi kiasi cha kulirudia. Damu ya miguuni hurudi moyoni kwa kusukumwa na misuli ya shavu la mguu, nyuma chini ya goti, kila tunapopiga hatua. Ukikaa muda mrefu mguu umekunjwa, msukumo huo unasimama na damu inatuama. Baada ya upasuaji mkubwa kama wa goti mwili huwa mwepesi kugandisha damu, na hali hiyo huendelea kwa wiki kadhaa. Kuganda huko ndani ya mshipa wa mguu kukitokea, bonge linaweza kusafiri hadi mapafuni. Saa kumi ndani ya gari kwa siku moja, wiki ya nne, ndiyo hali hasa wanayoiogopa.

Kwa hiyo kabla ya kulipia chochote, nenda kwa daktari aliyempasua, au mpigie, na usiulize tu "anaweza kusafiri?" maana atajibu ndiyo akifikiria ndege ya kurudi nyumbani. Uliza hivi: anaweza kukaa garini saa tano, leo, na tena baada ya siku mbili? Anaweza kupanda ngazi ngapi? Dawa ya kuzuia damu kuganda ataendelea nayo hadi lini? Na safari hii kabla ya ndege ya tarehe 18 inamwongezea hatari? Akisema hapana, basi ni hapana, na Delhi yenyewe ina mnara wa kale wa Qutb Minar na kaburi la mfalme Humayun, ambako mtu huona mambo mengi bila kupanda popote.

Akisema ndiyo, nendeni kwa usiku mbili. Gari au treni? Treni ina faida kubwa kwa mama: anaweza kusimama na kutembea kwenye ujia kila nusu saa, na choo kipo. Treni ya haraka iitwayo Shatabdi, ya kwenda mji wa Ajmer, huondoka New Delhi asubuhi na mapema na kupita Jaipur baada ya saa nne na nusu hivi. Kasoro zake ni kuamka usiku kwenye baridi, ngazi za madaraja ya stesheni, kimo cha behewa kutoka jukwaani, na ukungu ambao huchelewesha treni pia. Kuna viti vya magurudumu na mahamali wenye mashati mekundu, lakini lazima upange mapema. Gari linakupa uhuru wa kuondoka saa nne asubuhi, jua limeshakula ukungu, na kusimama kila baada ya saa moja. Kwa Januari, na kwa mkongojo, mimi ningechukua gari: mama akae kiti cha mbele kilichosukumwa nyuma kabisa, atembee dakika tano kila mnaposimama, anywe maji hata kama anaogopa kutafuta choo.

Na hoteli: usidanganywe na picha. Majumba ya kale yaliyogeuzwa hoteli Jaipur ni mazuri ajabu, yana nyua na nakshi, na yana ngazi za mawe zisizo na mwisho. Ulizia mambo matatu tu: lifti au chumba cha chini, choo cha kukaa, na chombo cha kupasha joto chumbani. Hilo la tatu watu wa Pwani hulisahau. Usiku wa Januari Jaipur joto hushuka hadi nyuzi 8 au chini ya hapo, na nyumba zimejengwa kwa ajili ya kiangazi cha zaidi ya nyuzi 40. Mama wa Tanga apate sweta, shali na soksi nene.

Sasa raha yenyewe. Ngome tatu dereva anazokutajia ni Amer, Jaigarh na Nahargarh. Chukueni moja tu, Amer, siku ya pili. Iko kilomita 11 nje ya mji wa kale, na ndiyo iliyokuwa makao ya wafalme wa ukoo wa Kachwaha kabla Jaipur haijakuwapo. Raja Man Singh wa Kwanza alianza kujenga jumba linaloonekana leo mwaka 1592, na waliomfuata wakaongeza. Lango la Ganesh lenye michoro, na nyuma yake Sheesh Mahal, chumba ambacho kuta na dari zimefunikwa vipande vya vioo, ndiyo vitu watu huvifuata. Lakini mwonyeshe mama kilicho ng'ambo ya bustani, Sukh Niwas. Maji yalipitishwa kwenye mfereji wa marumaru katikati ya chumba, upepo ukapita juu yake na kupoa. Ukiwa umekulia kwenye nyumba ya baraza na madirisha ya kupishana upepo, utamwelewa fundi wake haraka kuliko mtalii mwingine yeyote.

Kupanda Amer kuna njia tatu: kwa miguu, kwa tembo, na kwa gari aina ya jeep linalozunguka nyuma kupitia kijiji. Chukueni jeep. Tembo namkataza mama kwa sababu ya goti, maana kukaa juu ya kiti kile kunataka kukunja mguu na kujishikilia kila hatua. Nakukataza na wewe kwa sababu ya tembo mwenyewe: anapanda mteremko wa mawe akibeba watu mara kadhaa kila asubuhi, miguu yake inaumia, na mnyama aliyechoshwa hana subira. Mwaka 2024 mmoja alimtupa mtalii hapo hapo Amer. Ndani ya ngome kuna mawe yasiyo sawa na vijia vyembamba. Hamhitaji kuona vyumba vyote. Ua wa kwanza, ua wa pili, vioo, Sukh Niwas, kisha mkae juani mwangalie kuta zinavyopanda vilima. Vyumba vya wanawake na jumba la zamani la Man Singh viko mbele zaidi. Mama akisema imetosha, imetosha.

Jaigarh iko juu ya Amer, na mtaiona kutoka chini. Ina mzinga uitwao Jaivana, wa mwaka 1720, wenye uzito wa tani 50 hivi. Nahargarh ni nzuri kwa kutazama mji jioni. Njiani kuna jumba lililosimama majini, Jal Mahal. Simameni kando ya barabara mpige picha, ndani hamwingii.

Siku ya tatu ni ya mji wa kale. Sawai Jai Singh wa Pili aliuanzisha mwaka 1727, kwa sababu Amer ilibanwa na vilima na maji yalikuwa machache. Akiwa na Vidyadhar Bhattacharya, msomi kutoka Bengal, aliuchora kwa mistari kabla ya kuujenga: mitaa minyofu, vitalu tisa, maduka ya upana mmoja. Ndiyo maana mgeni hapotei. Hiyo rangi ya waridi mama aliyoisikia si ya tangu mwanzo. Ilipakwa mwaka 1876, wakati wa Maharaja Ram Singh wa Pili, kumpokea mtoto wa Malkia Victoria aliyekuja kuwa Edward wa Saba. Na si waridi hasa, ni rangi ya udongo wa ngeu, na jua la asubuhi ndilo linaloifanya iwake.

Kwa hiyo Hawa Mahal mwione asubuhi, kwani uso wake unatazama mashariki. Wengi hudhani ni jumba la kifalme. Kwa kweli ni ukuta wa ghorofa tano, mwembamba kwa juu, uliojengwa mwaka 1799 na Sawai Pratap Singh ili wanawake wa nyumba ya mfalme, waliokaa nyuma ya pazia, waone barabara bila kuonekana. Vidirisha vyake 953 vimezibwa kwa mawe yaliyotobolewa kama kimia, na upepo unaopenya matundu hayo madogo huongeza kasi. Picha nzuri hupatikana ng'ambo ya barabara, bila tikiti na bila kupanda.

Mahali ninapopapenda zaidi mjini ni Jantar Mantar, na nashangaa madereva wanavyopapuuza. Jai Singh alikuwa mfalme mwanahisabati. Aliona vyombo vya shaba vya kupimia nyota vinapotosha kwa sababu ni vidogo, akaamua kuvijenga kwa mawe na chokaa, vikubwa kama nyumba. Saa ya jua iliyopo pale, Samrat Yantra, ina kimo cha mita 27. Ukingo wake wa mteremko umeinamishwa sambamba na mhimili wa dunia, yaani nyuzi 27, latitudo ya Jaipur. Kwa sababu ya ukubwa huo kivuli husogea kama milimita moja kila sekunde, kwa hiyo mnaweza kusimama mkaliona jua linatembea. Saa hiyo haitakubaliana na simu yako. Simu inafuata saa ya India nzima, ambayo kipimo chake kiko mbali mashariki, na kwa jua Jaipur iko nyuma kwa karibu nusu saa. Pale ni tambarare, hakuna ngazi za lazima. Siku ya mawingu msiingie, ni mawe tu.

City Palace iko jirani, mlango kwa mlango. Familia ya kifalme bado inaishi sehemu yake, na tikiti yake ni mbali na ile ya pamoja ya serikali ambayo kwa siku mbili inafungua Amer, Hawa Mahal, Jantar Mantar na nyinginezo. Muulizeni mlinzi ilipo mitungi miwili ya fedha. Maharaja Madho Singh wa Pili aliibeba hadi London mwaka 1902 ikiwa na maji ya mto Ganges, kwani hakutaka kutumia maji ya Uingereza akihudhuria kutawazwa kwa Edward wa Saba. Kila mmoja una zaidi ya kilo 300. Mama atacheka.

Mahekalu. Aliyekwambia Waislamu hawaruhusiwi amechanganya. Yapo mahekalu India yanayowafungia wasio Wahindu, Jagannath kule Puri ni mfano maarufu, lakini yale ambayo wageni hutembelea Jaipur hayamuulizi mtu dini yake mlangoni. Birla Mandir, la marumaru nyeupe, lilikamilika mwaka 1988 na ndilo lenye utulivu. Govind Dev Ji, ndani ya bustani za jumba la mfalme, ndilo lenye roho ya mji. Pazia lililo mbele ya sanamu ya mungu hufunguliwa kwa vipindi vifupi mara saba kwa siku, na umati husukumana mbele kila linapofunguka. Kwa mkongojo, simameni nyuma kabisa, au muache. Viatu huvuliwa kote, kwa hiyo mama avae vinavyovuka bila kuinama, na uliza mlangoni kama soksi zinaruhusiwa, maana marumaru ya Januari ni barafu. Hekalu la Sila Devi ndani ya Amer hawataki picha wala vitu vya ngozi. Mkipewa kitu kitamu cha baraka au mkitaka kupakwa rangi kwenye paji, kuweka mkono kifuani na kutikisa kichwa kunatosha kukataa kwa heshima. Kama kuingia kwenyewe kunafaa kwa imani yenu, hilo muulizeni sheikh wenu, mimi siwezi kulijibu.

Chakula msihofu. Migahawa mingi haipiki nyama kabisa, na inajitangaza hivyo nje. Mkitaka nyama ya halali, mtaa wa Ramganj ni wa Waislamu, na wengi wa wakata vito wanaishi huko.

Turudi kwa dereva na bei yake ndogo mno. Haipatikani bei hiyo kwa ukarimu. Maduka ya mazulia, vitambaa na vito humlipa dereva sehemu nene ya kila mlichonunua, na mengine humlipa kwa kuwafikisha tu. Kwa hiyo mtaambiwa kuna "kiwanda cha serikali", mtaonyeshwa mzee akipiga chapa kitambaa kwa kibao cha mti kwa dakika tano, kisha saa nzima mtakuwa mmekaa chini mkifunuliwa mashuka. Muda huo unaibwa kwenye ngome. Simlaumu sana; bei aliyokutajia hailipi hata mafuta na usingizi wake. Dawa ni kumlipa vizuri. Mwambie kabla hamjaondoka: hatuendi duka lolote tusilolitaja sisi, na kwa hiyo tunakuongezea kiasi hiki, tunakupa mwishoni. Andikianeni, pamoja na malazi yake ya usiku mbili, maegesho na ushuru wa barabara. Akikataa, umejifunza alichokuwa anauza. Ndani ya mji kuna bajaji za kutosha na teksi za kuita kwa simu, hammhitaji kila saa.

Tahadhari moja ya tarehe zenu. Tarehe 14 Januari ni sikukuu ya Makar Sankranti, na Jaipur yote hupanda juu ya mapaa kurusha vishada. Anga lote hujaa, ni jambo la kuonwa, na mama anaweza kulitazama akiwa amekaa kitini juu ya paa la hoteli yenye lifti. Lakini nyuzi za vishada hivyo huwa zimepakwa unga wa kioo ili zikatane, na zikining'inia barabarani hukata shingo za waendesha pikipiki. Siku hiyo msipande bajaji wala chochote kilicho wazi.

Shavu la mguu wa mama likivimba upande mmoja, likiuma, au ngozi ikipata joto na wekundu, msisubiri kurudi Delhi. Nendeni hospitali kubwa hapo hapo Jaipur, zipo nzuri. Akipata ghafla shida ya kupumua au maumivu ya kifua, ni 112, saa hiyo hiyo. Pasipoti zikipotea, polisi kwanza kwa karatasi ya taarifa, kisha ubalozi wetu Delhi. Na yule kijana akiendelea kukufuata baada ya kumkataa, mwambie mapokezi ya hoteli mbele yake, kwa sauti; 1363 ni namba ya msaada kwa watalii India nzima.

Limebaki moja ambalo hukuliuliza, lakini nalitegemea kutoka kwa mama yeyote wa Tanga. Mkifika Jaipur atasikia kwamba Ajmer, kwenye kaburi la walii Khwaja Moinuddin Chishti, ni kilomita 135 tu mbele. Kwa gari inawezekana. Lakini njia ya kuingilia ni nyembamba, watu ni wengi mno, mnavua viatu mbali, na ni saa nyingine tano za kukaa kwa kwenda na kurudi. Haiwezi kuongezwa juu ya Amer. Inaweza kuchukua nafasi yake. Muulize kabla hamjaweka hoteli.